Maporomoko ya Bwana Maendeleo

Shwaaa. Hivyo ndivyo yalivyokuwa yakilia maporomoko ya maji ya Bwana Maendeleo. Alijaza hewa mashavuni, akabana midomo, akaachia pole pole, shwaaa, na mate yakaruka. Waliokaa mbele walijipangusa kwa ncha ya kanga wakaendelea kumsikiliza. Mpaka leo ukiniamsha ghafla ukaniuliza maporomoko yanaliaje nitakujibu hivyo hivyo, kwa sababu sijapata kusikia mengine. Hayo ya mdomoni kwake ndiyo niliyokulia nayo.

Bwana Maendeleo kilikuwa cheo, si jina. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe. Serikali ilimleta kijijini kwetu, ndani kidogo kutoka Nyamuswa, ili alete maendeleo, kama ilivyomleta Bwana Shamba alete mbegu. Bwana Shamba alikuja na mbegu.

Alikuwa na koti moja la rangi ya udongo lenye mifuko minne, na alilivaa hata jua likiwa la kupasua mawe. Kwenye mfuko wa juu kushoto ulikaa muhuri, umefungwa kitambaa. Wino wa muhuri ulikwisha zamani, miaka ile ambayo hata chumvi ilikuwa haionekani dukani, kwa hiyo alikuwa anaupumulia, haa, haa, kama mtu anayesafisha miwani, halafu anaukandamiza kwa uzito wake wote. Ilitoka duara hafifu ya zambarau, huwezi kusoma kitu. Aligonga muhuri kwenye vibali vya sukari, sukari yenyewe ikiwa haipo. Aligonga kwenye barua za harusi. Siku moja aligonga kwenye daftari langu la darasa la sita, nilipoandika insha ya maporomoko yake, na mimi nililifunga daftari lile kwenye mfuko wa plastiki nikalichomeka darini lisiloe. Nataka mjue kwamba nilikuwa muumini wake. Ninayoyasema sasa nayasema kama mtu aliyetoka kwenye dini ile kwa miguu yake.

Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chakula, ingawa chakula nacho alikipenda: linashughulikiwa. Kisima kimebomoka? Linashughulikiwa. Zahanati haina dawa? Linashughulikiwa. Mama Bhoke, jirani yetu mwenye ulimi, alimwendea siku moja kumwambia mbuzi wake ameanguka kwenye shimo la choo ambacho Bwana Maendeleo aliagiza kila nyumba ichimbe. Bwana Maendeleo akatoa kalamu, akaandika, akasema suala hilo linashughulikiwa. Mama Bhoke akamwambia, "Basi umshughulikie haraka baba, maana analia." Mbuzi alitolewa na watoto kwa kamba. Choo cha Bwana Maendeleo mwenyewe hakikuwa na paa.

Nyumba zote alizijua kwa saa zake za ugali. Kwetu alifika tukiwa na furu wa kukaushwa, vile visamaki vya ziwani, kwa Mama Bhoke alifika siku ya maziwa. Alikuwa anakaa, anavua kofia, anasema hakuja kula, amepita tu, na mkono tayari unaelekea kwenye maji ya kunawa. Wanawake watatu wakiwa kisimani na ndoo zao, yeye aliwaita "ndugu wananchi" na kuwahutubia. Baadaye mambo yalipofunguliwa, maduka yakajaa, mitumba ikashushwa kwenye minada mpaka tukachagua rangi, alibadilika kwa siku moja tu. Tukawa "mabibi na mabwana". Wanawake ni wale wale na ndoo zile zile.

Na maji yale yale. Tulikuwa tunachota kwenye lambo ambalo ng'ombe walikunywa upande wa pili, na kiangazi tulikuwa tunaondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi likiwa utosini. Hapo ndipo maporomoko yalipoanzia. Alisema kule juu, kwenye milima iliyo kati yetu na upande wa Butiama, kuna mto unaanguka kutoka kwenye jabali, mweupe kama shuka linalokung'utwa. Alisema ameuona kwa macho yake alipokuwa kijana, amesimama chini yake mpaka koti likaloa. Alisema bomba likiwekwa pale maji yatateremka yenyewe mpaka kwenye milango yetu, bila mashine, bila mafuta. Yanaitwa maji ya mserereko. Akafanya shwaaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mdogo, nikaanza kuota bomba limepita juu ya kitanda changu.

Enzi mpya ilipokuja, bomba akalisahau. Sasa ikawa ni wageni. Wazungu wanaokwenda mbugani watakata kona waje kwetu kuona maporomoko, watalala, watanunua mayai, watapiga picha. Jabali lile lile, shwaaa ile ile. Mtu mmoja aliuliza habari za bomba, na mnajua alivyojibiwa.

Nisimnyime haki yake. Mwaka niliomaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa yalibandikwa na la kwangu halikuwemo. Watu wazima waliona aibu kunitazama. Bwana Maendeleo peke yake ndiye aliyekuja nyumbani, akakaa, akaniambia pole binti, na akatoa mfukoni kipande cha sabuni, kimekatwa vizuri kwa uzi. Sabuni bado ilikuwa kitu cha kufungiwa sandukuni. Nililia kwa sababu ya sabuni ile kuliko kwa sababu ya shule. Miezi michache baadaye nesi wa zahanati alimweleza mama kwamba mche mzima wa sabuni ya wazazi waliojifungua ulipitia mikononi mwa Bwana Maendeleo na haukufika wote. Basi hata wema wake ulikuwa wa watu wengine. Lakini alikuja. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimfuate.

Sasa sikieni safari yenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama mdogo wangu, mdogo wake mama tumbo moja, alikuwa na cherehani tatu Musoma mjini, na moja ilikuwa inangoja mtu. Wasichana waliotaka awafundishe walikuwa wengi, ila alimwambia mama: mlete binti yako Jumatatu asubuhi, nina majoho ya kwaya ya Pasaka, akifika siku hiyo kiti ni chake. Akichelewa, nina wengine mlangoni. Mama mdogo alikuwa hivyo, maneno yake ni kama mkasi. Nilipiga pasi gauni langu pekee nikalikunja mapema, wiki nzima kabla.

Alhamisi Bwana Maendeleo akaja. Amepata fundi wa maji kutoka Musoma, kijana mmoja mpole mwenye begi la vipimo, aje apime maporomoko ili waandike barua kwa wawekezaji. Anataka na binti mmoja anayejua kusoma, ili siku wageni wakija awe ndiye wa kuwatembeza.

"Huyu ana safari ya Musoma," mama akasema.

"Mama, safari ni Jumamosi. Jumamosi jioni binti yuko hapa anasonga ugali. Jumapili anapanda gari. Mimi naweza kumzuia mtoto asiende kwenye maisha yake?"

"Kweli utamrudisha?"

"Namrudisha mimi kama mimi."

Mama alinitazama. Mimi nilikuwa tayari nimeshawatembeza wageni arobaini kichwani mwangu, na wote walikuwa wamenipenda. Mama Bhoke akasema na yeye anakwenda, maana anataka kuyaona hayo maji kabla hajafa, na atabeba viazi.

Jumamosi tulipanda lori la wafanyabiashara wa mnadani, sisi wanne juu ya magunia ya udaga wa muhogo. Mvua zilikuwa zimenyesha majuma mawili. Lori lilituteremsha kwenye njia panda, dereva akasema mbele hapiti, barabara imekatika. Bwana Maendeleo akasema imekatika kwa magari, haijakatika kwa wazalendo. Tukatembea. Ile ardhi nyeusi ya mbugani ukikanyaga mara tatu una viatu vya kilo mbili kila mguu, ukivuta mguu ndala inabaki, ukiirudia udongo unakutafuna. Kwenye kijito cha kwanza, maji ya kufika kwenye goti, Bwana Maendeleo alisimama. Mtu aliyesimama chini ya maporomoko mpaka koti likaloa alikuwa anaogopa maji ya gotini. Fundi wa maji alimvusha mgongoni, begi la vipimo nikalibeba mimi.

Tulipoanza kupanda tukakuta gogo limelazwa barabarani, na juu yake ubao wenye rangi nyeupe: NJIA IMEFUNGWA. MAPOROMOKO MBELE.

Bwana Maendeleo alivua kofia. Sijawahi kumwona na uso ule, alishangaa kuliko sisi wote. Halafu akajikusanya, akatugeukia.

"Mmeona? Serikali yenyewe imeandika."

"Mzee," fundi akasema taratibu, "nafikiri hapa wanamaanisha udongo. Mlima umeporomoka."

"Kijana, umesoma wapi wewe?"

"Musoma hapo hapo, mzee."

"Na huko Musoma walikufundisha kusoma kinyume? Imeandikwa maporomoko. Imeandikwa mbele. Ni nini ambacho hakimo?"

"Imeandikwa pia njia imefungwa."

"Imefungwa ili watu wasiyachafue."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwamini. Neno ni moja: maji yakianguka ni maporomoko, mlima ukianguka ni maporomoko. Lakini mimi tangu utoto nilikuwa nimelisikia neno hilo likitoka na mate kwenye mdomo mmoja tu, na halikuwa na maana nyingine. Nililiruka gogo wa kwanza.

Tulipanda kama saa mbili. Mawe ya huko ni makubwa kama nyumba, na katikati yake ni miiba na mashimo ya pelele, yaani pimbi. Soli ya kiatu cha Bwana Maendeleo ilifunguka mdomo, ikawa inapiga makofi kila hatua. Fundi akateguka kifundo cha mguu, akakaa kimya nacho kwa sababu ya heshima. Kila tulipouliza bado mbali, Bwana Maendeleo alisimama, akaweka kiganja sikioni, akasema, "Mnasikia?" Mimi nikasema nasikia. Nilisikia kweli.

Tukazunguka jabali la mwisho. Mbele yetu upande mzima wa mlima ulikuwa umelala juu ya barabara. Udongo mwekundu, mawe, miti imepinduka mizizi juu. Tone la maji halikuwepo.

Mama Bhoke alitua kikapu cha viazi, akatazama kutoka juu mpaka chini, akatazama tena.

"Ndiyo yenyewe haya?" akauliza. "Mbona yamekauka."

Fundi wa maji alicheka mpaka akashika mguu wake. Mimi nililia. Bwana Maendeleo alifungua koti, akalifunga, akasema maporomoko yenyewe yako nyuma ya hapo, yamefunikwa, suala hilo linashughulikiwa.

"Baba," Mama Bhoke akamwambia, na safari hii hakuwa anatania, "hebu sema ukweli. Ulishayaonaga wewe?"

"Yanajulikana."

"Sikuuliza kama yanajulikana."

Akageuka akaanza kuteremka, kiatu kinapiga makofi. Hilo ndilo jibu tulilopata.

Mvua ikatukuta njiani. Kijito cha gotini kikawa mto wa kuzoa ng'ombe, na tukakaa ng'ambo yake kwenye boma la mfugaji mmoja Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu asubuhi, ile asubuhi yangu, nikiwa nimechuchumaa mlangoni naangalia maji. Ndiyo maji mengi pekee niliyoyaona safari ile. Bwana Maendeleo alikuwa ndani anamhutubia mfugaji kuhusu wawekezaji, na anakunywa maziwa yake. Maji yalipopungua tulizungukia upande wa Bunda, fundi anachechemea, na Jumanne tukafika stendi. Nikamwambia Bwana Maendeleo kwamba kiti changu kimekwenda.

"Hakijakwenda. Mimi nitaandika."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema atafanya kitu na akakifanya pale pale. Aliandika juu ya goti, kwa mwandiko mzuri wenye mikia. Akatoa muhuri, haa, haa, akagonga. Nikaisoma: *Mleta barua hii ni binti mwaminifu. Amechelewa kwa sababu ya maporomoko. Naomba apokelewe.* Fupi, na kila neno ni la kweli. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Nilipofika Musoma, mama mdogo alikuwa amesimama mezani. Kwenye cherehani ya tatu alikaa msichana wa kutoka Guta, mrefu, mikono safi. Msichana akainuka kupiga pasi joho jeupe. Akajaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya kitambaa, akapitisha pasi ya mkaa, mvuke ukapanda. Alikuwa anajua kazi. Mama mdogo alisoma barua kwa kusimama, akaisoma mara ya pili kwa kukaa.

"Maporomoko," akasema. "Mimi niko hapa na majoho arobaini, vidole vinatoka damu, wewe umekwenda kutazama maji yanaanguka. Na umeleta na cheti chake kabisa, na muhuri."

"Mamdogo, siyo ya maji. Ni mlima uliporomoka."

"Mwanangu, nijibu moja tu. Uliondoka kwenu kwenda kutazama maporomoko ya maji, au hukuondoka?"

Ningeweza kudanganya. Bwana Maendeleo angeweza bila kukohoa.

"Niliondoka," nikasema.

Alinikunjia barua yangu akanirudishia. Alinipa chai na mkate, maana ni mama yangu vilevile, na nauli. Kiti hakunipa. Bwana Maendeleo angeandika tu "barabara imefungwa". Maneno mawili, hata mtoto wa darasa la kwanza anayaweza. Lakini alilipenda sana lile neno lake, na alikuwa amepata nafasi ya kuligongea muhuri.

Nilijifunza kushona miaka mitatu baadaye, Bunda, kwa mama mmoja aliyeniruhusu kuanza na matundu ya vifungo, na sasa nina cherehani yangu ya miguu kwenye baraza la duka la vifaa vya baiskeli. Bado naota, nimeota vyumba viwili na wasichana wanne, na viti vinavyongoja watu hata wakichelewa. Siku moja nilikuwa na wateja watatu, wanawake, wamekaa kwenye benchi wananingoja nimalize sketi za shule, mzee mmoja akasimama mbele yangu na koti mkononi. Koti nililijua kabla yake. Yeye alikuwa amepungua kila upande. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, yeye naye ilimpunguza, na nadhani haikusikia tofauti.

Hakunitambua. Alikaa mwisho wa benchi, na kabla hata ya kueleza koti lina nini, wale wanawake wakawa mabibi na mabwana. Jabali. Shuka linalokung'utwa. Shwaaa. Meno yalikuwa yamepungua, kwa hiyo mate yalikuwa mengi zaidi.

"Na ulifika kabisa, mzee?" mmoja akauliza.

"Nilifika mara nyingi. Mara ya mwisho nilikwenda na mtaalamu wa maji na binti mmoja mwerevu wa kijijini. Yule binti alipoyaona, alilia."

Nililia kweli. Alichokosea ni sababu.

"Yuko wapi sasa huyo binti?"

"Yuko Musoma, kwenye cherehani, fundi mkubwa. Nafasi ile aliipataje? Nilimwandikia barua mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Namshukuru Mungu kwa pini zile. Nilimtazama kwa muda mrefu kidogo, nikitafuta kama anadanganya, na nikaona hadanganyi. Alikuwa ameshaamini. Mtu mwingine angemhurumia hapo. Mimi nilisikia dharau inanipanda mpaka kwenye masikio, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa mlangoni mwa lile boma, na yeye ndiye aliyebaki na safari nzuri.

Aliinua koti. Kiwiko kimetoboka, na mfuko wa juu umening'inia kwa uzi mmoja.

"Litakuwa tayari lini, binti?"

Nikatoa pini moja moja.

"Linashughulikiwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyejibiwa vizuri ofisini, akaenda zake polepole kuelekea stendi.

Wanawake walichukua sketi zao wakaondoka. Jua lilikuwa bado lipo. Nilianza na kiwiko, nikakiwekea kiraka kutoka ndani kisionekane. Nilipofika kwenye mfuko nikaugeuza: kitambaa cha ndani kilikuwa na duara ya zambarau, umbo la muhuri, muhuri wenyewe haupo. Niliushona pande tatu, kushona mara mbili mbili, kama nilivyofundishwa kumshonea mtu anayelipa. Kisha nikachochea mkaa wa pasi, nikalilaza koti mezani, nikachukua kikombe.

Nikajaza maji mdomoni, nikabana midomo, nikayaachia juu ya koti zima, kuanzia kwenye kola. Shwaaa.

Nikapitisha pasi.